Uzito wa Mkwe Wangu

Ninyi vijana mnaouza magari kule Maplewood, juzi nilileta gari langu kwenye yadi yenu kubadilisha oili, nikamsikia mmoja wenu akimwambia mteja, "Hii ina-tow pauni elfu nane, boss. Haina shida, unaeza kuvuta hata nyumba." Mteja akacheka, mkewe akacheka, nami nikainamia kahawa yenu ya bure. Mstaafu anayesahihisha watu kwenye yadi isiyo yake tena ni kero. Lakini nimerudi nyumbani Oakdale nimejilaza, na usingizi wa mchana, ambao ndio starehe niliyobaki nayo, umekataa kuja. Basi nawaandikia. Msidhani nawafokea. Wa kufokewa ni mimi, na mtaona kwa nini.

Niliuza magari tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka zikaniisha. Nilikuja Minnesota kutoka Mombasa nikilijua gari kwa upande wa abiria tu. Nilianza kwa kuosha magari ya yadi na kuyapangusa theluji alfajiri kabla ya wauzaji kufika, na mwisho wake nikawa yule mtu ambaye Mkenya yeyote wa miji hii miwili akitaka gari anaambiwa, nenda kwa Mzee Omari, hatakudanganya. Sifa ile niliipenda kuliko mshahara. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililoniponza.

Mwalimu wangu alikuwa Dale, mzungu mmoja mnene wa huko kaskazini kwenye maziwa, aliyekuwa haendi popote bila boti yake nyuma ya gari. Sikio lake moja lilikuwa halisikii, na alilitumia hilo vizuri wateja walipoanza kupunguza bei. Dale hakuniruhusu nitaje namba iliyo kwenye tangazo kabla sijafungua mlango wa dereva, nikainama, nikasoma ile stika iliyobandikwa pale kwenye nguzo ya mlango. Nilikuwa kijana mwenye suti mpya na sikupenda kuinama. Alinishika bega akanisukuma chini kama anayemsalisha mtoto.

Mtu yeyote aliyewahi kutoka Mombasa kwenda Nairobi kwa barabara anaijua mizani ya Mariakani, malori yalivyojipanga yakingoja kupimwa. Basi stika ile ni Mariakani yako, imeletwa mpaka mlangoni. Namba ya tangazo ni ya kuvuta. Namba ya stika ni ya kubeba, na hizo ni habari mbili tofauti. Ukifunga trela la kulala, lile lenye vitanda na jiko ndani, shingo yake inalalia nyuma ya gari, na uzito huo wa shingo unahesabiwa kama mzigo ulio ndani, sawasawa na abiria. Trela la pauni elfu sita laweza kukulalia kwa mia saba na zaidi. Toa hizo kwenye namba ya stika. Halafu toa dereva, toa mkewe, toa watoto, toa masanduku, toa sufuria ya pilau na mkeka wake. Kinachobaki ndicho ukweli. Mara nyingi hakibaki kitu, na gari bado linajigamba kwamba linavuta elfu nane.

Na hapa Minnesota hutalijua hilo, kwa sababu nchi ni tambarare. Mtu anavuta trela lake mpaka ziwani, anarudi Jumapili jioni, anasema gari ni simba. Mpelekeni mlimani. Kule juu hewa ni nyepesi na injini inakosa pumzi kama sisi wazee. Yenye turbo, ile inayosukumiwa hewa, inavumilia zaidi. Na kupanda si tatizo kubwa, kupanda utachelewa tu. Tatizo ni kushuka. Weka gia ndogo kabla hujaanza kuteremka, si baada ya kuogopa. Breki kanyaga kwa nguvu, achia, ziache zipoe, kanyaga tena. Anayezikandamiza kidogo kidogo njia nzima anazichoma.

Mmoja wa wateja wangu wa mwanzo alikuwa nesi kutoka Hopkins, mwanamama wa Kisii mwenye sauti ya kuamrisha wodi nzima. Alitaka SUV fupi, nyekundu, kwa sababu gereji ya ghorofa lao ilikuwa finyu. Nikamuuzia. Hakuniambia anataka kuvuta, nami sikumuuliza. Mwezi uliofuata alinunua trela refu, akatoka nalo barabara kuu, lori likampita kwa kasi, na trela likaanza kumyumbisha huku na huku. Alirudi yadini akiwa bado na sare za kazi, akanikalisha kwenye kiti changu mwenyewe, akaniuliza kama mimi nina watoto. Tangu siku ile nikajua kwamba gari la kuvuta huangaliwa urefu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Fupi husukumwa, refu hutulia. Nesi yule tulimbadilishia gari, na baadaye akaniletea nusu ya wateja wa kanisa lake.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Dale alikuwa na swali moja alilomuuliza kila mteja wa trela, awe nani: una uzito gani? Alimuuliza mchungaji. Alimuuliza bibi harusi mbele ya bwana harusi. Wazungu walicheka, wengine walinuna, lakini walimjibu, naye alijumlisha, akaongeza kidogo kwa ajili ya uongo, akawaambia gari hili ndiyo, gari hili hapana. Mimi swali hilo lilinishinda. Mtanisaidia, wanangu: ninyi mngemtazama mama wa watu aliyevaa buibui lake, amekuja kukutembelea kazini na maandazi kwenye mfuko, mkamwuliza kilo? Mimi nililelewa Mombasa. Hata watoto wa mtu hatukuwahesabu mbele yake.

Kwa hiyo nikabuni njia yangu. Nilikuwa nawatazama wanavyoingia garini, gari linavyoshuka, nakadiria kwa jicho, naongeza mzigo kidogo. Jicho langu likawa kali. Miaka nenda miaka rudi sikukosea kwa kiasi cha kumdhuru mtu, na nikaanza kujisifu. Nilimwambia Dale kwamba kwetu tuna njia ya adabu ya kufanya kazi hii. Alinigeuzia sikio lake zima akasema adabu haipimwi barabarani. Nikaona hana malezi.

Mwaka wa kustaafu kwangu, mkwe wangu Athumani, mume wa binti yangu Rehema, alisema wananunua trela. Mama yake, Bi Mwanaisha, alikuwa anakuja kuwatembelea kutoka Kisauni. Bi Mwanaisha alifundisha jiografia shule ya msingi maisha yake yote ya kazi. Kila mwaka alichora mlima ubaoni kwa chaki: chini mashamba, juu yake msitu, juu yake mstari ambapo miti inakoma, halafu mawe matupu. Na maisha yake yote hakuwahi kukanyaga mlima wowote. Kwetu milima hiyo ni ya kupanda kwa miguu, na magoti yake yalikataa mapema. Athumani alipomwambia kwamba huku barabara ya lami inafika mpaka pale miti inapokoma, alisema kwenye simu kwamba basi atakuja, na kwamba hataki dukani wala popote, anataka kusimama pale kwenye mstari. Rehema aliponihadithia, nilisema nitalichagua gari mimi mwenyewe. Nani mwingine?

Yadini palikuwa na magari mawili ya namna moja, marefu yote, injini moja. La kwanza lilikuwa la viti vya kitambaa, magurudumu ya kawaida, halina makuu. La pili lilikuwa na viti vya ngozi vya kupoza na kupasha, paa zima la kioo, magurudumu makubwa yanayong'aa, na mlango wa nyuma unaojifungua. Tangazo lilisema yote mawili yanavuta sawa. Lakini anasa zina uzito, wanangu. Kioo kile, mota za viti vile, magurudumu yale, vyote vinakatwa kwenye namba ya stika. Niliinama nikasoma stika zote mbili. La anasa lilibeba pungufu kwa kiasi cha watu wawili. Nililijua hilo siku ileile, kwa macho yangu.

Nikachagua la anasa. Nilimfikiria mkwe wangu Bi Mwanaisha akishuka uwanja wa ndege na kupanda gari la viti vya kitambaa lililochaguliwa na Omari, muuza magari maarufu, na nikaona aibu. Kisha nikafanya hesabu kichwani ili ikubali. Na hapa ndipo nilipojidharau baadaye kuliko pote: nilipofika kwa Bi Mwanaisha, ambaye sikuwa nimemwona tangu harusini, nilimkadiria kilo chache mno, kwa sababu hata ndani ya kichwa changu, ambako hakuna aliyenisikia, niliona haya kumpa mkwe wangu kilo nyingi. Hesabu ikakubali. Nikaitia mkono.

Athumani ni mtu wa hospitali, mtaratibu, na aliniuliza vizuri tu. "Baba, hii iko sawa na trela letu? Nimeona kwenye YouTube kuna kitu inaitwa payload, uzito wa kubeba." Nikamwambia mwanangu, hiyo kazi yangu, wewe shughulika na wagonjwa. Akacheka, akanipa mkono wa shukrani kwa mikono miwili.

Bi Mwanaisha alipofika, alikuwa mwanamke mkubwa, mrefu, mwenye haiba, na masanduku yake matatu. Alinikalisha mbele yake sebuleni, akaniamkia kwa ule upole wa wakwe ambao unakufanya ushike kofia yako. Alisema hawezi kusafiri kwenda milimani bila mkwe wake aliyechagua gari. Kwa hiyo nikaongezeka na mimi, ambaye sikuwa kwenye hesabu kabisa. Nikakubali. Mimi nami nina uzito, msinione mwembamba kwenye picha za zamani.

Dakota tuliivuka kwa raha, nchi imelala. Bi Mwanaisha alikaa kiti cha kati chini ya kioo cha paa, akawa anawaambia wajukuu majina ya mawingu. Wajukuu walimwelewa na kumjibu kwa Kiingereza, naye akawa anajibu Kiingereza chao kwa Kiswahili, na wote wakawa wameridhika. Nilijiona nimefanya jambo.

Wyoming, tulipoanza kupanda, nyuma ya gari ililala chini na pua ikainuka. Usukani ukawa mwepesi mikononi mwangu, ile hali ya magurudumu ya mbele kutoshika vizuri. Injini ikapiga kelele na sindano ya joto ikapanda. Tulikuwa hata nusu ya mlima hatujafika. Nikaona sehemu pana, nikageuza. Kwenye kuteremka, ingawa niliweka gia ndogo, breki zilinuka mpaka wajukuu wakaziba pua. Tulifika mji mdogo ulio chini ya mlima, nikaegesha kituo cha mafuta cha malori.

Pale kituoni palikuwa na mizani. Athumani akasema tupime. Tulipanda juu ya mizani sote tukiwa ndani, na mwanamke wa dirishani akasoma uzito kwa kipaza sauti, ekseli moja baada ya nyingine, kituo kizima kikisikia. Tulimwaga maji ya tangi la trela, tukapima tena. Bado ekseli ya nyuma ilizidi. Masanduku hayakuweza kwenda nyuma ya trela, maana shingo ingekuwa nyepesi na lingeanza kuyumba kama la nesi wa Hopkins. Tukashuka, tukasimama kando, madereva wa malori wakipita na vikombe vyao. Athumani akaniuliza, taratibu, tumezidi kiasi gani.

Nikasema, "Kama mtu mzima mmoja na masanduku yake."

Sikumtaja. Lakini mwenye masanduku alikuwa mmoja tu. Hakuna aliyemtazama Bi Mwanaisha, si Athumani, si Rehema, si watoto, na kwa kule kutotazamwa akajua. Alirekebisha ushungi wake. Mimi nilikuwa nimeona haya kumwuliza uzito wake sebuleni Oakdale, sisi wawili na chai, na sasa nimeutangaza kwenye kituo cha malori.

Akaniambia, "Mkwe, hilo trela haliwezi kubaki hapa likatungoja? Tukapanda bila hilo, tukaona, tukarudi?"

Wanangu, ndilo lilikuwa jibu. Mtu yeyote wa kazi hii analijua. Unafungua trela chini, unalipia nafasi kwenye uwanja wa trela, unapanda mlima na gari tupu lenye watu wako wote, jioni mnarudi. Dale angelisema kabla hajamaliza kutafuna. Nami lilikuwa kichwani mwangu tangu tulipogeuza. Lakini kulisema ni kusema kwamba gari nililolichagua halivuti lile trela mlimani, na kuna Athumani pale aliyenishukuru kwa mikono miwili, na kuna miaka yangu yote ya nenda kwa Mzee Omari. Nikamwambia haliwezi. Nikatia maneno ya kitaalamu juu yake, breki, mfumo, bima. Athumani akanitazama, akaniamini.

Bi Mwanaisha akaitikia kwa kichwa, akasema basi yeye atabaki, ameshachoka na safari, na mlima ameuona kwa chini. Rehema akasema atabaki naye. Alilisema akinitazama mimi, na mtoto wako akikutazama vile unatamani asingekuwa na akili. Tukawapeleka hoteli iliyo nyuma ya kituo, tukashusha masanduku. Ningeweza kubaki mimi. Uzito wangu na wa Bi Mwanaisha haukupishana sana, na hakuna aliyeniuliza, nami sikuutaja. Nilijiambia mimi ndiye ninayejua kuteremsha trela. Bila trela, gari jepesi Athumani angeliteremsha mwenyewe.

Tulipanda na trela nyuma. Gari lilipanda vizuri, na kila lilivyopanda vizuri ndivyo nilivyojichukia. Misonobari ikawa mifupi, kisha ikawa vichaka vilivyoinama upande mmoja, kisha pakawa na mstari, wanangu, ulionyooka kama uliochorwa kwa chaki, na juu yake mawe na nyasi. Watoto wakashuka wakakimbia. Mjukuu wangu Zena akasimama, mguu mmoja upande wa miti, mmoja upande wa mawe, akasema, "Babu, take it for Bibi, hapa ndio penyewe." Nikapiga picha. Nililia nyuma ya trela huku nikijifanya naangalia matairi. Tulilala juu kule siku mbili kama tulivyokuwa tumepanga. Sikuonja chakula.

Tuliporudi kuwachukua, Bi Mwanaisha alikuwa amekaa nje ya hoteli kwenye kiti cha plastiki, masanduku kando yake. Chakula kilikuwa kimeliwa, maji yamemwagwa, na mbele yetu ni tambarare tu, kwa hiyo gari lilitutosha sote. Zena alimwonyesha picha. Aliitazama muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili, akasema hivyo ndivyo alivyokuwa akiwafundisha wanafunzi wake. Nilipoinama kuchukua sanduku lake, akanisemesha kwa sauti ya chini ili mwanawe asisikie.

"Mkwe wangu, hapa nyuma kuna uwanja wa trela. Nimekaa dirishani siku zote hizi nikiwatazama. Asubuhi watu wanayaacha matrela yao pale, wanapanda mlimani na magari matupu, wazee kwa watoto, jioni wanarudi." Akanisogezea sanduku la pili. "Nikamwambia Rehema, labda ya kwao ni ya aina nyingine."

Kwa maneno hayo alinifungulia mlango, akaushikilia wazi, ili nipite bila kuinama.

Nikamwambia ndiyo, mkwe, ya kwao ni ya aina nyingine.